Tulivyompeleka Mtoto Asiye na Jina kwa Baba Yake Kambini

Bi Salima, Bi Zainabu na Bi Mwanaidi, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake kilichotokea Nachingwea, na kila nikianza kusimulia Bi Salima ananikatiza ili aeleze safari yake ya Lindi alipokwenda kung'oa jino. Jino lile tumeshalizika mara nane. Kwa hiyo nimeandika, maana karatasi haikatizwi. Kisomo changu ni kile cha watu wazima, cha jioni, alichotufundisha Mwalimu Kaisi mwana wa Bi Hadija, na niliacha kabla hatujafika kwenye kugawanya. Lakini kuandika najua, na majina ya watu siyasahau. Mkikuta nimewataja vibaya, mjue sikukosea.

Mwanzo wake mnaujua. Mjukuu wangu Rashidi, mtoto wa marehemu mwanangu Hamisi, alikwenda mafunzo ya mgambo ya miezi minne, akamwacha mkewe Zuhura na mimba ya miezi minane. Mwezi haukuisha, Zuhura akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya saba watu wakakusanyika, ubwabwa ukaliwa ukaisha, jina likakosekana. Mjomba wake Zuhura, Mfaume wa Nambambo, alisema mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo ataitwa Mfaume. Mtu yuko hai, anakula ugali kwa mikono yake, anataka kurithiwa jina! Nikasema hapana, baba yupo, tumsubiri. Mfaume akasema haya, tusubiri, tuone nani atachoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtoto wetu tulimwita Mgeni miezi mitatu, na hatukumpa jembe wala jina.

Kambini simu haziruhusiwi. Jumanne ndipo mpishi wa kule alipompigia Zuhura akasema mafunzo yamekwisha, na Ijumaa saa nane mchana vijana wanapakiwa kwenye lori kwenda Tanga kulinda mashamba ya mkonge, mwaka mzima. Anayetaka kuaga awahi.

Zuhura akalia. Nikamwambia, "Unalia nini, mke mwenzangu? Machozi hayapandi gari. Funga mzigo."

Namwita mke mwenzangu kwa sababu Rashidi ni mume wangu wa utani, kama alivyo kila mjukuu kwa bibi yake. Utani huu ulikuja kutuponza, kama mtakavyoona.

Narung'ombe: gari la sasa hivi

Jumatano saa mbili asubuhi tulikuwa barabarani. Nilimbebea Rashidi shati jipya, unga wa mtama wa kumpaka kipajini kwa baraka, na kuku wa kukaanga asiye na chumvi.

Nyinyi mnaelewa, ila vijana wakisoma nawaeleza. Mtoto akiwa jandoni, walio nyumbani hawali chumvi mpaka atoke, ili kidonda kipone upesi. Tangu Rashidi aende mafunzo, chumvi nyumbani kwangu niliifungia sandukuni. Zuhura aliniuliza, "Bibi, kwani kule mgambo wanakatwa nini?" Nikamwambia mambo ya askari ni siri, hatujui wanakatwa nini, bora tujihadhari.

Gari lilikuwa la Saidi, mtoto wa Sharifa binti Chande, yule Sharifa aliyeolewa Mandawa akarudi. Nikamuuliza, "Tunaondoka saa ngapi?"

"Sasa hivi, Bibi."

Saa nne nikamuuliza tena. "Sasa hivi, Bibi. Nasubiri gunia moja tu la ufuta la Mzee Issa."

Saa sita nikaona nitembee mwenyewe mpaka kwa Mzee Issa. Nikamkuta amekalia gunia lake. "Mzee Issa, gari linakusubiri."

"Na mimi nasubiri kamba ya kufungia mdomo wa gunia."

"Kamba iko wapi?"

"Kwa Saidi. Ameiweka chini ya kiti."

Nikarudi, nikainua kiti cha Saidi, nikatoa kamba, nikampelekea Mzee Issa. Tukaondoka saa nane. Saidi akasema, "Umeona, Bibi? Nilikwambia sasa hivi."

Ruangwa mjini: ninaumwa bila kujua

Tulifika Ruangwa alasiri, na Saidi akasema kwenda Nachingwea ni kesho. Tukaenda kwa Mwajuma, mtoto wa dada yangu Fatu. Mwajuma amejenga nyumba ya bati na kaweka sebuleni televisheni kubwa kama mlango. Haina king'amuzi, lakini ameitandika kitambaa vizuri sana.

Alitupikia wali na samaki. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi chumvi siitii mdomoni."

Mwajuma akashika kichwa. "Mama mdogo! Presha imekuanza lini?"

Kabla sijajibu ameshatoka nje. Akaja jirani yake Bi Rehema na vitunguu saumu, nitafune vitatu. Akaja Bi Mwanaisha na majani ya mlonge. Akaja mzee mmoja, Bakari Kipande, akanieleza jinsi mkewe wa kwanza alivyoanza hivihivi, kwa kukataa chumvi, na alivyokufa. Nikajaribu kueleza habari ya mjukuu wangu kuwa jandoni kwa serikali, wakatazamana, Bi Rehema akasema, "Imeshapanda kichwani."

Nikala wali mweupe na vitunguu saumu vitatu. Zuhura yeye alikwenda "kumsaidia Mwajuma kuosha vyombo," na nilipopita jikoni nikamkuta analamba vidole vyenye mchuzi wa samaki. Nikatazama pembeni. Mwanamke anayenyonyesha ana sheria zake.

Watu walipolala, nikamsikia Zuhura akimwimbia mtoto ubavuni kwake, "Mgeni, Mgeni, kesho utamwona baba." Kwa hiyo mjue kwamba ndani ya mambo yote haya nilikuwa nahesabu: kesho Alhamisi, keshokutwa saa nane.

Njiani: msamaha wangu kwa Kabula

Alhamisi Saidi alisema tunaondoka saa moja. Tuliondoka saa tano, nikamshukuru. Hatukwenda mbali. Ng'ombe walijaa barabarani kama wako kwenye mkutano wa hadhara, na kama kwenye mkutano wa hadhara hapakuwa na aliyejua kwa nini amesimama. Saidi akapiga honi. Ng'ombe wakamtazama. Akapiga tena mpaka rejeta ikachemka, mvuke ukatoka, gari likazima. Ng'ombe ndipo wakaondoka.

Ng'ombe na mimi tuna kesi. Mwaka jana walikula mbaazi zangu zote za bondeni, na tangu siku ile nimewasema wafugaji hawa waliotoka kule ziwani kila msiba niliohudhuria.

Sasa akatoka mama mmoja kwenye nyumba za pembeni, mrefu, ana ndoo ya maji kichwani na kibuyu mkononi. Akaja mpaka mbele yangu, akatua ndoo, akapiga magoti.

Nikajua hii ndiyo siku. Nikamwambia, "Inuka, mwanangu. Nimekusamehe. Ingawa zilikuwa magunia mawili, na mbegu nilipewa na marehemu Bi Sikudhani."

Yule mama akanitazama. Saidi akainama kwenye rejeta akicheka. "Bibi, anakusalimia. Kwao mkubwa husalimiwa hivyo."

"Shikamoo, mama," akasema yule mama.

"Marahaba," nikasema. Msamaha nilikuwa nimeshautoa, ukienda haurudi. Jina lake ni Kabula, na mama yake ni Ng'washi. Kibuyu kilikuwa cha maziwa ya mgando. Tulikunywa, na kwa kuwa maziwa hayatiwi chumvi nilikunywa kwa amani, vikombe vitatu, kimoja kwa kila gunia na kimoja cha fidia.

Kabula akampakata mtoto. "Anaitwa nani?"

"Hana jina bado," Zuhura akasema.

"Hana? Ana miezi mingapi?"

"Mitatu."

Kabula akacheka mpaka mtoto akashtuka. "Kwetu ndama akizaliwa asubuhi, jioni ana jina lake. Nyie mtu mzima namna hii hana?" Akaanza kututajia ng'ombe wake mmoja mmoja, yupi anaitwa nani na mama yake nani. Hapo nikamheshimu. Nikamuuliza, "Na dume likichinjwa, jina lake mnalitupa?"

"Jina linatupwaje, mama? Tunampa ndama anayefuata. Jina halina kosa."

Nilisikia, nikaliweka. Sikujua nimeliweka kwa kazi gani.

Mtua, ambako hatukuwa tunakwenda

Gari lilipopoa Saidi akasema, "Tunapitia Mtua kidogo. Dakika tano."

Mtua kulikuwa na magunia manane ya tajiri mmoja, ghala limefungwa, na mwenye ufunguo amekwenda kuzika. Waliobaki walisema atarudi sasa hivi. Niliposikia neno hilo nikamwambia Zuhura tutafute pa kulala.

Mtua yupo Tabia binti Mchuma, tuliyechezwa naye unyago mwaka mmoja. Alifurahi, akaua kuku, akatia chumvi kabla sijamwahi. Nikala ugali kwa maji ya moto. Tabia hakusema ni presha. Tabia anajua miko.

Jioni ile, Zuhura akiwa anaoga, Tabia akaniambia, "Rashidi wako sasa ni baba. Mimi nilikuwepo siku ulipomshika akiwa bado na damu ukampa jina lake lile la kwanza, la..."

Nikamziba mdomo kwa kiganja. Tukacheka kama wasichana, lakini nilimziba kwelikweli. Jina la utoto linaachwa porini jandoni. Mwanamume akishatoka na jina lake jipya, kumwita la zamani ni kumwambia bado hajatahiriwa. Na kumwita hivyo mbele ya mkewe, heri umvue nguo sokoni. Nimewataja watu wengi humu pamoja na mama zao, lakini majina ya namna hiyo nayakumbuka na siyataji.

Nachingwea: mimi na Afande

Ijumaa tulifika Nachingwea saa tano, na kambi iko nje ya mji, tukafika getini saa sita. Jua lilikuwa juu na lori lilikuwa limeshasogezwa uwanjani, turubai limefunguliwa nyuma. Zuhura aliliona kabla yangu. Akakaza mbeleko.

Getini alikaa askari kijana, ana daftari mezani na filimbi shingoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Jina lako nani?"

"Hapa naitwa Afande."

"Hilo ndilo alilokupa mama yako?"

"Bibi, mmemfuata nani?"

"Mume wetu."

Akamtazama Zuhura, akanitazama mimi. "Wa nani kati yenu?"

"Wa sote. Mimi mke mkubwa, huyu mdogo."

"Bibi, anayeruhusiwa kuingia ni mke mmoja."

"Basi niingie mimi, nina haki ya kwanza."

Hapo Zuhura akanifinya, akasema, "Afande, huyu ni bibi yake, anatania." Afande akaandika kitu kwenye daftari, mpaka leo sijui ni nini.

"Jina la kijana?"

"Rashidi Hamisi, wa Narung'ombe."

Kidole chake kikashuka, kikapanda, kikashuka. "Rashidi Hamisi hayupo. Ninao kina Rashidi wanne, wote baba zao wengine."

"Waite."

Akapiga filimbi. Kina Rashidi wanne wakaja mbio, wamenyolewa, wamekonda, wamekauka kwa jua, nyuso zimejaa tumaini. Hakuna aliyekuwa wetu. Watatu wakarudi. Wa nne, mwembamba, akabaki amesimama.

"Nenda, wewe," Afande akasema.

"Naenda, Afande. Bibi, mimi sikuwa na mgeni miezi yote minne. Niliposikia Rashidi ana wageni nikasema labda. Naweza kuwa wako dakika moja?"

Nani angekataa? Nikafungua furushi la kuku nikampa paja. Anaitwa Rashidi Mbaraka, mama yake ni Asumini. Akatafuna, akasita. "Bibi, mmesahau chumvi."

"Hatukusahau. Tumeshika mwiko."

Afande naye akaomba bawa, akathibitisha kiserikali kwamba chumvi haimo.

Wakati yule kijana anaondoka ndipo nilipoelewa, nikashika ukingo wa meza. Rashidi wangu aliyemwandikisha shule ni mimi, kwa mkono huu, na nilimwandikisha kabla hajaingia jandoni. Mwalimu aliandika jina la kwanza. Jina lile likaenda kwenye cheti. Cheti kikaenda mgambo. Miaka kumi na mitano nimelifukia, kumbe serikali inalo kabatini.

"Bibi," Afande akasema, maana aliniona, "kama ana jina lingine, litaje."

"Silitaji."

"Hulijui?"

"Nalijua. Nilimpa mimi."

"Basi sema."

"Hata ukinifunga."

Zuhura akageuka. "Bibi, ana jina lingine? Mimi nimeolewa na nani?"

"Umeolewa na Rashidi. Sheikh alishuhudia."

"Basi ninong'oneze mimi, nimwambie Afande."

"Wewe ndiye usiyetakiwa kulisikia kabisa."

Afande akasukuma kalamu. "Liandike, Bibi."

"Kuandika ni kutaja kwa mkono."

Zuhura akasema, "Afande, si umsomee tu majina, atikise kichwa?"

Afande akafunga daftari, akaweka kiganja juu yake. "Orodha hii ni ya jeshi. Haisomewi raia."

"Basi walete wote, tumtambue."

"Wako kwenye kukabidhi vifaa, mama. Siwezi kupanga watu wote kama maembe sokoni mje kuchagua."

Zuhura akatoa simu, akamwonyesha picha ya harusi. Rashidi pale ana ndevu, ana mashavu, ana kofia. Afande akaitazama sana, akasema, "Humu ndani hakuna mtu mwenye mashavu."

Basi tukawa wawili pale getini, mtu mzima na kijana, yeye amekalia siri yake na mimi nimekalia yangu, na wote tunaheshimu sheria. Lori likawashwa, wapime injini. Ilikuwa saa saba imepita.

Zuhura hakulia. Kama angelia ningejua la kumwambia, misemo ninayo. Alikaa chini, akamfungua mtoto, akamgeuza uso uelekee uwanjani. "Tazama kule, Mgeni," akasema. "Baba yako yuko mle. Mmojawapo."

Nikamtazama yule mtoto. Nikajiuliza nani kamfanya mgeni, jibu nikalipata haraka kuliko nilivyotaka. Mfaume alikuwa na ubishi wake na mimi nikawa na wangu, na mtoto ndiye aliyelipia. Na sasa nilikuwa nataka kumpotezea mpaka baba, mdomo wangu ubaki safi. Ndipo nikamsikia Kabula: jina halina kosa.

Nikatoa unga wa mtama. Nikampaka mtoto kipajini, nikasimama wima, nikasema kwa sauti ambayo hata watu wa nyuma kabisa msikitini wangeisikia:

"Mtoto huyu nampa jina leo. Anaitwa Mavumbi."

Zuhura akafungua mdomo. Nikainua kidole.

"Afande, umesikia? Mavumbi ni huyu hapa. Mwingine simtaji. Lakini humo kwenye daftari lako kuna mtu amelishika jina la mtoto wangu. Mwite aje alikabidhi, kama wenzake wanavyokabidhi vifaa."

Afande akafungua daftari. Kidole kikashuka, kikasimama. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akapiga filimbi mpaka kunguru wakaruka.

"Mavumbi Hamisi! Wageni!"

Nusu saa

Alikuja mtu mwembamba mwenye kichwa kinachong'aa, nikasema huyu naye si wetu. Zuhura alikuwa ameshasimama. Alimjua kwa mbio zake; Rashidi hukimbia akitupa mguu wa kushoto nje tangu mdogo.

Alipofika hakusalimia. "Bibi! Umenitaja?"

"Sijakutaja wewe. Nimemtaja mwanao."

Akamwona mtoto. Akasimama kama ng'ombe wa barabarani. Nikamwachia nafasi kidogo, halafu nikamuuliza lililokuwa linaniwasha: "Na hawa kumbe wanakuita hivyo?"

"Kila alfajiri, Bibi, miezi minne."

"Na unaitika?"

"Usipoitika unaruka kichura."

"Basi ngariba wetu Mzee Mponda alifanya kazi ya bure."

Zuhura alikuwa anampangusa vumbi begani, mahali ambapo vumbi halikuwepo. Akamwambia, "Mimi niliolewa na Rashidi. Leo nimeletewa mtu mwingine."

"Rashidi ni mimi," akasema. "Huyo mwingine ndiye huyu uliyemzaa." Akampokea mtoto mikononi, vibaya, kama mtu anayeshika bunduki ya mbao, na Zuhura akamrekebisha viwiko mpaka wakakaa vizuri wote watatu. Nikageuka nikaanza mazungumzo na Afande kuhusu mvua.

Kisha Rashidi akala. Akatafuna, akameza kwa adabu. "Bibi, kuku huyu hana chumvi."

Nikaanza kueleza. Kabla sijafika kwenye kidonda, Zuhura akafungua fundo kwenye ncha ya kanga yake. Ndani mlikuwa na chumvi! Miezi minne mke mwenzangu anakaa mezani kwangu, anameza mboga chapwa na kusema asante Bibi, na chumvi anayo pindoni! Akamnyunyizia mumewe kuku, halafu akanitazama usoni bila kupepesa.

Siku ile sikuwa na mdomo wa kumsema mtu kuhusu miko. Nikanyoosha kiganja, na mimi akaninyunyizia. Jamani, kuku ana ladha.

Saa nane kasorobo filimbi ikalia. Rashidi akavaa shati jipya chini ya gwanda, akampa Zuhura mtoto, akakimbilia mstarini na mguu wake wa kushoto. Afande akaanza kuita orodha, na kwa kuwa raia tulikuwa pale tumesimama, ile siri ya jeshi tukaisikia yote kuanzia juu mpaka chini.

"Mavumbi Hamisi!"

Kimya.

"Mavumbi Hamisi!"

"Afande," Rashidi akasema mbele ya watu wote, "jina hilo nimeshalikabidhi."

"Kichura. Ishirini."

Akaruka. Mbele ya mkewe, mwanawe, mimi na mstari mzima, akaruka kichura ishirini, shati jipya likitokeza, na Zuhura akacheka mpaka machozi yale aliyoyazuia tangu asubuhi yakapata njia. Rashidi alipomaliza akasimama akihema.

"Narudia mara ya mwisho. Mavumbi Hamisi!"

Zuhura akamwinua mtoto juu kwa mikono miwili. "Yupo, Afande!"

Mstari mzima ukacheka. Afande akatazama daftari muda mrefu, akatia alama, akasema, "Yupo. Apande." Rashidi akapanda.

Walipokwisha kwenda na vumbi limetulia, Afande akanijia akiwa amevua kofia. Akaninong'oneza jina lake na la mama yake. Nimeyahifadhi yote mawili, lakini siyaandiki. Yule bado yuko jandoni.

Nyumbani

Kurudi kulikuwa siku moja tu, sijui Saidi alipatwa na nini.

Mfaume wa Nambambo alikuja Jumapili na wazee wawili. Akasema nimempa jina mtoto wa ukoo wake bila ruhusa, tena jina lililotupwa, na kwa hiyo nimekosa mara mbili. Nikasema ni kweli, nimekosa. Hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo, akakohoa sana. Wakanitoza jogoo. Nikamchinja, nikampika, nikatia chumvi, wakala na mimi nikala nao, na Mfaume alipoondoka alimuaga mtoto kwa jina lake.

Sasa la mwisho, halafu Bi Salima unaweza kuendelea na jino. Siku Rashidi alipotoka jandoni akiwa na jina jipya, sote tulipiga vigelegele, na mimi nilipiga. Lakini jina la kwanza nilikuwa nimempa mimi. Nilimwita nalo miaka saba, akiwa juu ya mikorosho, akiwa kisimani, akiwa na homa. Siku moja nikaambiwa basi, nikameza. Hakuna aliyeniuliza lilikwenda wapi.

Leo asubuhi nilisikia kilio nikiwa nyuma ya nyumba napepeta ufuta. Nikamwita kwa sauti: "Mavumbi! Nyamaza, baba, nakuja!" Zuhura akatokeza mlangoni akasema, "Bibi, amelala. Aliyelia ni mbuzi."

Nikamwambia najua.